Shati na Tai Havioani

Njombe,
18 Februari 2024

Mpendwa Baba Mdogo,

Shikamoo. Na shikamoo nyingine hii hapa ni ya mama mdogo Evelina, naomba umfikishie ikiwa nzima. Huku tuko salama ila baridi inatufundisha adabu. Nafundisha hesabu nikiwa nimevaa koti, na wanafunzi wanaandika huku wamekunja vidole kama kuku wa mvua. Mdogo wangu Selina ameniambia chuo kinaendelea vizuri na kwamba huko Kiseke siku hizi maji yanatoka bombani hata mchana. Nimefurahi kuliko alivyotegemea.

Baba mdogo, simu yako ina nini? Nilipiga Krismasi, nikapiga mwaka mpya, nikapiga wiki iliyopita. Inaita mpaka inachoka yenyewe. Nikimpigia mama mdogo ananiambia uko kanisani, au umelala, au umetoka kidogo. Nikituma ujumbe unajibu "Sawa mwanangu." Wewe, mtu wa kuhutubia nusu saa kabla ya kuomba chumvi! Ndiyo maana nimeshika kalamu. Barua hii inakuja na basi pamoja na parachichi. Mtume mtu akachukue mzigo pale stendi ya Buzuruga, na msizile kabla hazijalainika.

Ile sauti iliyokukauka siku ya posa, Novemba, ilipona? Nilisikia uliwajibu wazee wa kina Nestory kutoka Magu kwa shida, lakini ukawajibu mpaka wakapiga makofi.

Sasa neno lenyewe. Harusi ni tarehe 31 Agosti, hapo hapo Mwanza. Mimi na Nestory tumekubaliana kwamba baba wa pande zote mbili watavaa mashati na tai tutakavyowapa sisi. Nestory anataka mashati meupe na tai za buluu zisizo na kitu chochote. Nimemwambia kwetu mtu akivaa tai tupu tunajua anakwenda mahakamani. Tangu baba afariki ukanichukua, sijawahi kukuona Jumapili na tai isiyo na mchoro, na sijawahi kuona mchoro wako ukigombana na shati. Hebu niandikie unavyofanya, nimfundishe huyu mtu kabla hajawa mume wangu.

Jambo la pili si la sare. Utanishika mkono kuingia kanisani, na mchungaji akiuliza nani anamtoa binti huyu, utajibu wewe. Sina baba mwingine. Naomba unijibu hili kwa maneno yako mwenyewe.

Mwanao,
Kokulinda


Kiseke, Mwanza,
10 Machi 2024

Mwanangu Kokulinda,

Marahaba. Mama mdogo wako naye ameipokea yake, akasema parachichi moja ilikuja na mdudu aliyenenepa vizuri. Hizo nyingine zimetufaa sana. Sisi tuko hai. Masika yameanza na yale mawe ya nyuma ya nyumba yanateremsha maji mpaka mlangoni pa jikoni, kama ilivyokuwa ulipokuwa mdogo. Jirani yetu mama Queen amejifungua mtoto wa kiume. Tunamshukuru Mungu kwa hayo.

Simu ina matatizo. Tuendelee hivi hivi kwa barua. Mambo ya ndoa hayafai kuandikwa kwa kidole gumba.

Umeuliza habari za tai. Tai inaanzia kwenye shati. Watu wengi hununua tai kwa sababu imewapendeza pale soko la Mirongo ilipotundikwa, halafu wanafika nyumbani wanaanza kuitafutia shati, na hapo ndipo wanapoharibu. Wewe litandaze shati kwanza, ulitazame. Kama ni la mistari myembamba, linataka mchoro wenye nafasi, tuseme nukta zilizoachana au maua makubwa kidogo. Kama ni la drafti ndogo, lipe tai ya mistari mipana iliyokaa mshazari. Usikutanishe kamwe michoro miwili yenye ukubwa mmoja. Itapigana, na mtu unayeongea naye atakuwa anapambana na macho yake badala ya kukusikiliza. Marehemu baba yako alifunga ndoa na shati la drafti na tai ya drafti ile ile, nami nilikuwa mdogo mno kumkanya. Picha ile mpaka leo inanitia kizunguzungu.

Halafu tazama rangi. Rangi mojawapo ya tai iwe tayari imo kwenye shati, hata kama ni uzi mmoja tu. Uzi huo ndio unaovijulisha. Na ukiwa na wasiwasi, tai iwe na giza kuliko shati. Nestory akiogopa sana michoro, mwanzishe na nukta ndogo. Hakuna mtu aliyewahi kuaibishwa na nukta.

Kuhusu hilo jambo la pili, tutazungumza.

Msalimie Nestory na walimu wenzako.

Baba yako mdogo,
A. Rutashobya


Njombe,
2 Aprili 2024

Mpendwa Baba Mdogo,

Shikamoo. Barua yako niliisoma kwa sauti ofisini, na sasa mwalimu wa jiografia ameacha kuvaa ile tai yake ya drafti. Umeokoa macho ya watu wengi. Mimi mzima, isipokuwa kikohozi cha baridi kinachokuja na kuondoka. Huku wameanza kuvuna mahindi mabichi na kila nyumba unayoingia unakaribishwa hindi la kuchoma.

Anayekuletea barua hii ni Nestory mwenyewe. Anakwenda kwao Magu kumsalimia mama yake, Ng'washi, ambaye miguu inamsumbua, na nimemwambia asipite Mwanza bila kufika kwako. Hamjawahi kuonana ana kwa ana, kwa sababu siku ya posa walikuja wazee tu. Mpokee vizuri. Haongei sana mbele ya wakubwa, ndivyo walivyomlea, lakini ukimpa muda anafunguka.

Amebeba mfuko wenye vitu vyako. Shati ni jeupe, lina mistari myembamba ya buluu. Tai ni ya rangi ya damu ya mzee, ina nukta nyeupe zilizoachana. Weupe wa nukta umo kwenye shati, mistari ni myembamba, nukta zina nafasi, na tai ina giza kuliko shati. Nipe alama zangu! Ukubwa wa kola ni ule ule wako wa siku zote. Vivae, ujitazame kwenye kioo, kisha uniambie ukweli bila kunionea haya: vinaoana au havioani?

Na lile jambo la pili hukulijibu. "Tutazungumza" ni jibu la diwani. Tutazungumza lini, na simu hupokei?

Mwanao,
Kokulinda


Kiseke, Mwanza,
28 Aprili 2024

Mwanangu Kokulinda,

Marahaba. Huku tu wazima. Mvua imebomoa kipande cha ukuta wa jirani, hakuna aliyeumia. Selina alikuja kwa siku chache, amerudi chuoni.

Mgeni wako alifika, na mzigo nimeupata.

Nimeviweka kitandani nikavitazama kwenye mwanga wa dirisha asubuhi, nikavitazama tena mchana. Nimejaribu. Havioani. Kila kimoja peke yake ni kizuri, na aliyechagua hana kosa lolote, lakini vikikutana havioani, na sitaki ulazimishe. Siku hiyo siwezi kusimama mbele za watu.

Mwombe baba yako mkubwa Mutalemwa aje kutoka Bukoba akushike mkono. Ni mtu mzima mwenye heshima zake, na ana sauti. Mimi nitawaombea nikiwa nyumbani.

Baba yako mdogo,
A. Rutashobya


Njombe,
23 Juni 2024

Baba Mdogo,

Shikamoo. Salamu kwa mama mdogo. Mimi mzima, nyumba nzima, mvua imekata. Hizo ndizo habari.

Nimekaa na barua yako hii muda mrefu kwa sababu kila nilipoanza kujibu niliandika maneno ambayo mtoto hamwandikii mzazi. Leo nitajitahidi.

Nestory aliporudi kutoka huko hakuniambia kitu. Nilimuuliza mzee amesemaje, akajibu, "Mzee yuko salama." Ikapita wiki nzima ndipo akanieleza, tena nikiwa nimembana. Alikuamkia shikamoo, hukuitikia. Akafikiri hukusikia, akaamkia tena. Hukuitikia. Ukampa mkono, ukainuka, ukaingia chumbani, na mama mdogo akaleta chai na kumzungumzisha habari za mvua mpaka akaaga. Baba mdogo, hata mwizi akikuamkia shikamoo unamwitikia kwanza ndipo unamkamata. Wewe ndiye uliyetufundisha hivyo.

Basi nikapokea barua yako: havioani, kila kimoja peke yake ni kizuri, usilazimishe. Nikasema, ah, sasa nimeelewa. Wewe hujawahi kusema jambo zito kwa jina lake. Nilipofeli kidato cha pili ulinisimulia habari za mbuzi aliyekataa kuvuka mto, na nililia usiku kucha bila wewe kutaja mtihani hata mara moja. Kwa hiyo nimekusoma kama ulivyonifundisha kukusoma. Na umeandika "vi"! Mwalimu mzima wa Kiswahili, umenichukua mimi na Nestory ukatuweka ngeli moja na vikombe na viatu.

Kama hukumtaka Msukuma ungesema Novemba, wazee wake walipokuwa wamekaa kwenye viti vyako wakila ndizi zako. Ulikubali ukoo wake, ukamkataa yeye ulipomwona. Nini ulichokiona? Kwamba ni mweusi sana? Kwamba viatu vyake vilikuwa na vumbi la Magu? Watu wanatusema sisi Wahaya kwa kujiona, nami siku zote nawabishia. Safari hii nimeona aibu mbele ya mtu ninayempenda.

Nitaolewa na Nestory. Lakini siingii kanisani na baba mkubwa Mutalemwa, ambaye hajui hata nafundisha somo gani. Nitaingia peke yangu. Mchungaji akiuliza nani anamtoa binti huyu, patakuwa kimya, na kila aliyekaa mle ndani ataelewa kwamba sina mtu.

Kokulinda


Kiseke, Mwanza,
7 Julai 2024

Mwanangu Kokulinda,

Marahaba. Naanza na salamu kwa sababu salamu ndiyo iliyotufikisha hapa.

Nestory aliniamkia nami nikamwitikia. Midomo yangu ilisema marahaba, mara ya kwanza na mara ya pili. Yeye alikuwa ameinamisha kichwa, kama kijana aliyelelewa vizuri anavyofanya mbele ya mzee, kwa hiyo hakuiona midomo yangu. Na sauti haikutoka, kwa sababu sina sauti.

Ile iliyokauka siku ya posa haikuwa mafua. Desemba daktari aliona uvimbe, akaniambia ni saratani, na Januari wakaliondoa koo la sauti lote. Sasa napumua kwa tundu lililoko chini ya shingo, pale pale kifungo cha juu cha shati kinapokaa. Nalifunika kwa kitambaa. Nikikohoa, kinachokohoa ni shingo, na watoto wa mama Queen wanakimbia. Ndiyo maana sipokei simu. Mama mdogo wako na Selina usiwakasirikie, niliwakataza kusema, na mama mdogo wako amelia kwa ajili ya kukudanganya kuliko alivyolia siku ya upasuaji.

Shati na tai ulivyoniletea sasa nikueleze. Nililivaa shati. Nikafunga kola, nikaifunga tai, na fundo likakaa juu ya tundu. Nikavuta pumzi, pumzi haikuja. Nilijaribu kulegeza, nikavuta ncha isiyo yake, na badala ya kulegeza nikakaza. Siwezi kuita mtu, unaelewa. Nilipiga kabati kwa kiganja mpaka mama mdogo wako akaja mbio kutoka jikoni na mkasi wa kukatia samaki, akaikata. Kwa hiyo tai yako haipo tena. Ilikuwa nzuri, ulichagua vizuri, ningekupa alama zote. Nilipokuandikia kwamba havioani nilikuwa nimekaa kitandani na vipande vyake mapajani.

Niliandika "vi" kwa sababu nilimaanisha "vi". Shati na tai ni majina ya ngeli mbili tofauti, na yakikutana tunatumia "vi". Ningekuwa nawasema ninyi ningeandika "hawaoani". Lakini ni kweli nimekulea kwa mafumbo, na ukisoma fumbo pasipo na fumbo mwenye kosa ni mimi. Nestory sina neno naye. Viatu vyake sikuvitazama. Nilitazama jinsi alivyokipokea kikombe kwa mikono miwili, nikafurahi, nikaingia chumbani kwa sababu nilitaka kumwambia hivyo na sikuweza.

Sasa naandika bila kuzunguka. Naona aibu. Tangu ujana wangu, kazi yangu katika ukoo huu ni kusema. Nimewaposea watu wake, nimezika watu, nimepatanisha ndugu waliokuwa wameshikiana mapanga kwa ajili ya shamba la migomba. Kila mtu atakayekuwa kanisani siku hiyo ananijua kwa sauti. Mchungaji atauliza, nitafungua mdomo kama sato aliyetolewa majini, na watu wataacha kukutazama wewe wanione huruma mimi. Sitaki kukuharibia siku. Na niliogopa kwamba ungejua mapema ungeahirisha kila kitu uje kuniuguza.

Nimeambatanisha kikaratasi cha Nestory. Kina neno moja tu, marahaba, na sahihi yangu.

Baba yako mdogo,
Alexander


Njombe,
16 Julai 2024

Mpendwa Baba Mdogo,

Shikamoo. Najua umeitikia.

Nimelia, halafu nimekasirika upya, halafu nimelia tena. Ulichinjwa shingo wewe, mimi niko huku nafundisha sehemu na desimali! Ungekufa ningeambiwa nini? Kwamba umetoka kidogo?

Nisamehe kwa ile barua ya Juni. Maneno ya Msukuma na vumbi la Magu naomba uyachome.

Nestory alisoma kikaratasi chako akakaa chini. Akasema, "Niliinamisha kichwa. Ningeinua kichwa kidogo tu ningeona." Amelirudia hilo tangu jana. Nimemwambia hata mimi sikuinua, na mimi nilikuwa na barua zako mkononi.

Sasa nisikilize. Siahirishi harusi. Mashati bado yanaweza kubadilishwa, watu hawawezi. Njoo na shati lile lile, kola wazi, kitambaa chako shingoni, bila tai. Hotuba tutawaachia watu wa Magu, wana watu wengi na wana muda. Kwako nataka mkono tu, na mchungaji akiuliza, ufungue mdomo useme. Sauti isipotoka, isitoke. Wakitaka kukuonea huruma wakuonee, haitaniua. Lakini nikipita pale mlangoni peke yangu wewe ukiwa hai Kiseke, hilo sitalisahau.

Nakuja likizo mwanzoni mwa Agosti. Andaa majibu.

Mwanao,
Kokulinda


Njombe,
22 Septemba 2024

Mpendwa Baba Mdogo,

Shikamoo. Tumefika salama. Nestory anakuamkia pia, na safari hii ameniambia niandike kwamba anaamkia akiwa ameinua kichwa. Nyumba ilikuwa na vumbi na panya amekula sabuni. Mama mdogo mwambie ndizi alizotufungia ziliiva njiani, basi zima likanukia, tukawagawia majirani wa kiti.

Nakuandikia kuhusu ile Jumamosi kwa sababu wewe ulikuwa umetazama mbele na kuna mambo hukuyaona.

Unajua ulivyonitesa. Mwezi mzima nikiwa hapo Kiseke, kila nilipokuuliza ulichukua ule ubao wako mdogo ukaandika "tutaona". Asubuhi ya harusi wamenivalisha, mlango wa chumba chako umefungwa, na mama mdogo ananiambia tusikusumbue. Nilikuwa nimeshaamua kuingia peke yangu. Halafu ukatoka. Shati la mistari limenyooshwa, kola wazi, kitambaa cheupe shingoni, na ulikuwa umenyoa. Ningefungua mdomo ningelia, na wangenipaka upya poda.

Kilichotokea nyuma yako ni hiki. Tulipoanza kutembea, watu walikutazama shingoni. Ndiyo, walitazama, sitakudanganya. Wanawake wa kwaya waliinamiana kunong'ona. Lakini baba yake Nestory, Mzee Shimba, alikuwa amelalamika na tai yake tangu alfajiri, kwamba hata ng'ombe hafungwi hivyo siku ya sikukuu. Alipokuona umepita na kola wazi akaivua, akaitia mfukoni, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka madhabahuni, "Kumbe inaruhusiwa!" Watu wakacheka. Ule mcheko uliousikia, ulioufanya mkono wako ukaze, ulikuwa huo. Niliuona mkono wako ukikaza na sikuweza kukueleza pale pale.

Mchungaji akauliza nani anayemtoa binti huyu. Ukafungua mdomo. Wewe unadhani hakikutoka kitu, na jioni uliniandikia ubaoni "samahani". Baba mdogo, mimi nilikuwa nimesimama bega kwa bega na wewe. Kitambaa kilipepea. Pumzi ilitoka shingoni, nikaisikia sikioni kwangu, na midomo yako ikasema "ni mimi", na Nestory aliyekuwa mbele yetu aliyaona yote mawili. Mchungaji naye aliona, ndiyo maana akaitikia kwa kichwa na kuendelea. Hapakuwa kimya. Naomba ufute ile samahani.

Mwanao,
Kokulinda


Kiseke, Mwanza,
17 Novemba 2024

Mwanangu Kokulinda,

Marahaba. Marahaba ya pili ni ya Nestory, na kichwa asikiinue sana akaanza kujikwaa. Senene wamefika kutoka Bukoba, baba yako mkubwa Mutalemwa ametuma kopo, na mama mdogo wako amekutengea wako kabla mimi sijaonja. Samahani nimeifuta. Mvua za vuli zimeanza vibaya, zinakuja na upepo.

Sasa sitazunguka. Leo nimetoka hospitali. Uvimbe umerudi, upande wa kushoto, na umeshuka kifuani. Daktari alinieleza taratibu, akarudia, kisha akasema hawatakata tena. Watanipa dawa za maumivu. Mama mdogo wako alikuwa amekaa pembeni yangu, na baada yake wewe ndiye mtu wa kwanza kuambiwa. Selina nitamwandikia kesho.

Nimefundisha watu miaka mingi kutafuta neno linalofaa na leo nimelipata upesi. Naogopa. Mchana najisahaulisha, lakini nikilala chali nasikia pumzi inavyopita kwa shida nami naogopa kama mtoto.

Najua shule ina mitihani na Nestory ana kazi zake. Sikuombi uje.

Nimeikata sentensi hiyo hapo juu lakini naona bado inasomeka. Usiisome. Njoo.

Baba yako mdogo


Njombe, kituo cha basi,
20 Novemba 2024

Baba Mdogo,

Barua hii siiweki kwenye mzigo, naibeba mwenyewe. Naiandikia juu ya begi, na basi limeshawashwa. Mkuu wa shule amenipa ruhusa kabla sijamaliza kumweleza. Nestory yuko hapa, ameshika tiketi zote mbili. Nitakukabidhi karatasi hii mkononi, maana nikifika najua nitashindwa kusema chochote, na itakuwa zamu yangu kukaa kimya na yako kusoma. Ukimaliza, inua macho.